Ribena Ilikuwa Jibu Sahihi

Mtu akiambiwa kwamba mvinyo ulio mbele yake unanukia maua ya vayoleti, naye hajawahi kunusa vayoleti maishani, kisha akaitikia kwa kichwa, je, amesema uongo? Swali linaonekana la kitoto. Lakini siku hizi Nairobi, kuanzia Westlands hadi Karen, watu wa rika letu wanalipa pesa nzuri kukaa mezani na kuitikia hivyo mara tano au sita kwa jioni moja. Nadhani swali hilo lina uzito kuliko bei ya tiketi.

Kwa ambaye hajaenda, mambo huwa hivi. Mnakalishwa, kila mtu na glasi zake, karatasi na kalamu, jagi la maji, na chombo cha kutemea ambacho karibu hakuna anayekitumia kwa sababu kila mtu amelipia. Mwongozaji, mara nyingi mtu mcheshi na mjuzi kwelikweli, anamimina kidogo tu. Unainamisha glasi juu ya karatasi nyeupe uone rangi. Unaizungusha ili hewa iingie na harufu ifumuke. Unatia pua. Ndipo unapiga funda, unalizungusha mdomoni, unameza. Halafu sahani zinafuatana na glasi: samosa na Chenin Blanc, samaki na Sauvignon Blanc, mbuzi choma na Pinotage ya Afrika Kusini, na kitu kitamu cha kumalizia.

Upande wa chakula hauna maigizo. Mvinyo mwekundu una tanini, zinazotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na tanini hizo hushikana na protini za mate hadi mdomo unakauka na ulimi unakuwa kama kitambaa. Kiswahili kina neno la hali hiyo, tena neno kamili: ukakasi. Aliyewahi kuuma ndizi mbichi au bibo la korosho anaujua ukakasi kabla hajasikia habari za tanini. Sasa kula kipande cha mbuzi chenye mafuta na chumvi, kisha piga funda la pili la mvinyo ule ule. Ukakasi umelegea, mvinyo umekuwa laini. Ongeza kachumbari yenye pilipili nyingi, na kileo kinawaka mdomoni kuliko mwanzo. Ndiyo maana chakula cha pilipili hupewa mvinyo wenye utamu kidogo na kileo kisicho kikali. Hapa hakuna haja ya kumwamini mtu. Hata aliyekuja na uso wa "nimeletwa na mchumba" ataisikia tofauti hiyo ndani ya dakika mbili.

Shida huanza kwenye maneno.

Katika kikao kimoja nilichohudhuria Kilimani, tulikuwa tumefika kwenye Cabernet Sauvignon. Mwongozaji akauliza tunasikia nini. Kukawa na kimya kile cha darasani, kila mtu anachunguza glasi yake kana kwamba jibu limeandikwa chini. Jamaa mmoja mwisho wa meza akasema, bila kujipanga, "Mimi nasikia Ribena." Meza ikaangua kicheko. Rafiki yake akamwambia, "Manze, unatuaibisha." Mwongozaji naye akatabasamu, akasema neno alilokuwa akilitafuta ni blackcurrant, akalirudia polepole. Tukaandika. Yule jamaa hakutoa tena maoni usiku ule.

Sasa, Ribena hutengenezwa kwa blackcurrant. Jina lenyewe limetokana na Ribes nigrum, jina la kisayansi la mmea huo. Na Cabernet Sauvignon ni mvinyo ambao waonjaji wa dunia nzima huutambua kwa harufu hiyo hiyo. Kijana yule alikuwa amelipata jibu kwa njia pekee ambayo wengi wetu tuliokulia hapa tumekutana na tunda hilo: likiwa kwenye pakiti yenye mrija, au likiwa Fanta ya zambarau kwenye sherehe ya mtoto wa jirani. Sisi wengine tuliandika jina la tunda ambalo hatungelitambua likiwekwa mezani. Aliyesema kweli alichekwa na walioandika wasichokijua walipata alama.

Najua kuna msomaji anasema, si upoe, hii ni starehe tu. Lakini hiyo ni tabia tuliyoizoea mbali na mvinyo. Sisi wa 8-4-4 tulikariri mianzo ya insha, asubuhi ya ndege kuimba na umande kumetameta, tukaiandika hata kama asubuhi yetu ilikuwa ya makanga wa matatu akigonga bati. Mwalimu hakutaka kujua ulichoona. Alitaka uandike kama mtu anayejua kinachopaswa kuonekana. Mtu mzima anayeitikia vayoleti anafanya ile ile insha.

Kuna wanaodhani tatizo hili lina suluhisho rahisi: mvinyo wote ni utapeli. Wana ushahidi, na si haba. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, walichapisha jaribio ambalo wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wanafunzi wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Mwaka 2008 watafiti wa California waliwapa watu mvinyo ule ule mara mbili, wakiambiwa mara moja kwamba chupa ni dola 10 na mara nyingine kwamba ni dola 90. Uliotajwa kuwa ghali uliwapendeza zaidi, na hata picha za ubongo zilionyesha sehemu inayohusika na raha ikichangamka zaidi. Kwa hiyo raha yenyewe ilikuwa ya kweli. Bei ilikuwa imeingia hadi ndani.

Hata hivyo siafiki kwamba hapo mjadala umekwisha. Macho na bei vinaweza kuupotosha ulimi, lakini huwezi kupotosha kitu ambacho hakina njia. David Hume, mwanafalsafa wa Scotland, aliandika insha kuhusu ladha mwaka 1757, na ndani yake akasimulia kisa alichokitoa kwenye Don Quixote ya Cervantes. Ndugu wawili waliombwa waonje mvinyo wa pipa moja. Wa kwanza akasema ni mzuri, ila una ladha ya ngozi kidogo. Wa pili akasema ni mzuri, ila una ladha ya chuma. Wote wawili wakachekwa. Pipa lilipomalizika, chini yake ukapatikana ufunguo wa zamani uliofungwa kwa mkanda wa ngozi.

Hume alikitumia kisa hicho kuonyesha kwamba ulimi mzuri upo na unasikia vitu vilivyopo. Nakubaliana naye, ila mimi navutwa na wale waliocheka. Walicheka kabla ya ufunguo kuonekana. Na mezani kwetu hakuna anayemalizia pipa. Ufunguo hautoki kamwe. Aliyesema Ribena alirudi nyumbani bila kuonyeshwa ufunguo wake.

Kuna ushahidi mwingine ambao watetezi wa mvinyo na wapinzani wake wote wangepaswa kuujua. Mwaka 2008 hiyo hiyo, watafiti wa Australia walitangaza kwamba wameipata kemikali inayoipa Shiraz harufu ya pilipili manga. Inaitwa rotundoni, na ndiyo iliyomo kwenye pilipili manga yenyewe. Kwa hiyo anayekwambia glasi yako inanukia pilipili manga si mshairi, anataja kitu kilichomo. Lakini katika jaribio hilo karibu mtu mmoja kati ya watano hakuisikia kabisa, hata ilipowekwa kwa wingi. Piga hesabu ya meza ya watu kumi. Wawili hivi hawasikii kitu, na wote kumi wanaitikia.

Hao wawili ndio ninaowafikiria. Hawana kosa, pua zao zimeumbwa hivyo. Wangesema "mimi sisikii", wangekuwa wametoa habari ya kweli na muhimu. Wakinyamaza na kuitikia, mwongozaji hapotezi chochote, ameshaona nyuso kama hizo mara nyingi. Wanaopoteza ni wao: wanaufundisha ulimi wao kwamba ushahidi wake hauna thamani mpaka uidhinishwe na mtu mwenye kipaza sauti. Halafu mtu huyo huyo Jumapili anakaa mbele ya mhubiri, Jumatatu mbele ya bosi, na ukifika wakati wa kampeni anasimama mbele ya mwanasiasa anayemwambia uchumi una ladha gani. Sisemi kwamba mvinyo ndio uliomharibu. Nasema hakuna mahali rahisi zaidi pa kujizoeza kusema "sisikii" kuliko mezani, ambapo gharama ya kusema hivyo ni aibu ya sekunde tatu.

Pingamizi lenye nguvu ni hili: tusipokuwa na maneno ya pamoja, kila mtu atabaki na utoto wake mdomoni na hatutaelewana. Ni kweli. Mwaka 1984 Ann Noble, mwanasayansi wa chuo kikuu cha California kule Davis, alitoa duara la harufu za mvinyo kwa sababu hiyo hasa. Alichoshwa na maneno kama "maridadi" na "wa kifahari", ambayo hayamwambii mtu kitu. Akaweka mahali pake majina ya vitu: matunda, viungo, maua, mbao. Vitu ambavyo mtu wa California angeweza kwenda sokoni, akavinunua, akavinusa, akarudi kwenye glasi kuhakikisha. Lilikuwa duara la haki kabisa, kwake. Likihamishwa lilivyo hadi hapa, linageuka kuwa kile kile alichokuwa akikikimbia, maneno ya kifahari yasiyomwambia mtu kitu.

Na si kwamba tumepungukiwa. Sauvignon Blanc nyingi za New Zealand hunukia pasheni na mapera, na yote mawili yanauzwa kibandani. Ile harufu ya kijani kwenye baadhi ya Cabernet inatokana na kemikali zilizomo pia kwenye pilipili hoho. Kile ambacho vitabu vya mvinyo hukiita mwerezi, sisi tunakijua kama penseli iliyochongwa darasa la tatu. Tunda la zambarau, lenye utamu, ugwadu na ukakasi kwa pamoja, limekuwa likituachia ulimi wa rangi ya wino tangu utotoni. Chakula kilichokolea tunakijua, na kinywaji dufu tunakijua. Kule Pwani mnywaji wa mnazi anajua tembo la asubuhi lilivyo tamu na la jioni lilivyokwisha kuwa kali, na atamwambia mgema usoni kama limetiwa maji. Huo ni uonjaji. Hauna karatasi wala kalamu, na pengine ndiyo maana hatuuiti elimu.

Hapo pana jambo la matabaka, tusijifanye hatulioni. Pierre Bourdieu wa Ufaransa aliandika kitabu kizima mwaka 1979 kuonyesha kwamba ladha ni njia ya watu kutengana. Nchi hii ilikuwa na sheria za kikoloni zilizomkataza Mwafrika pombe kali za Kizungu. Sheria ya mwaka 2010 iliruhusu chang'aa kutengenezwa kwa masharti, lakini nenda useme kwenye mahojiano ya kazi kwamba wewe ni mjuzi wa chang'aa. Sema ni mjuzi wa mvinyo, uone nyuso zinavyobadilika. Kijana wa Ribena alichekwa kwa sababu alitaja duka la mtaani kwenye meza ambayo sote tulikuwa tumeijia ili tulisahau duka hilo.

Wasiokunywa, kwa dini au kwa hiari, wasidhani haya hayawahusu. Kahawa yetu aina ya SL28, iliyochaguliwa na Scott Laboratories karibu na Nairobi katika miaka ya 1930, inauzwa duniani kwa sifa ya harufu moja maarufu. Ndiyo, blackcurrant. Waonjaji huifyonza kwa kijiko kwa kelele, wanaitema, wanaandika neno hilo, na neno linakuwa sehemu ya bei. Linachapishwa kwenye pakiti kule London na Chicago. Wanaoichuma Nyeri na Kirinyaga, wengi wao nyumbani wanakunywa chai. Sijui kama kuna kazi nyingine ambayo mtu hulipwa kulingana na ladha ambayo hajawahi kuelezwa.

Waongozaji wetu wanaweza kuanza na kitu kidogo kabla ya chupa ya kwanza kufunguliwa: sahani moja katikati ya meza. Nusu ya pasheni, kipande cha pera, zambarau tatu, pilipili hoho iliyokatwa, punje za pilipili manga, vumbi la penseli, ukwaju, na Ribena kwenye kikombe. Watu wanuse kwanza, wapitishiane, wabishane. Sahani nzima haifiki bei ya glasi moja ya Pinotage.