Deni la Mwenye Kuunda Upya: Takhmisa, Tarabu ya Mvita na Hasira ya Wapenzi

Swali tunalokusudia kulijadili katika makala haya laweza kuonekana dogo. Kazi ya sanaa iliyokwisha kupendwa inapoundwa upya, kwa nini mara nyingine wapenzi wake huipokea kwa furaha, na mara nyingine huona kama wamedhulumiwa? Neno dhuluma tumelitumia makusudi. Msomaji asiyependezwa na kitabu kipya hukifunga akaenda zake. Hadai kwamba mwandishi amemkosea. Lakini mpenzi wa kazi kongwe iliyoharibiwa katika kuundwa upya husema amekosewa, na huyasema hayo kwa uchungu wa mtu anayedai haki yake. Ni haki gani hiyo? Hakuitunga kazi ile, wala hana hati ya kuimiliki.

Tuanze na mfano ambao wanafunzi wetu wanaujua vizuri kuliko walimu wao, yaani michezo ya kompyuta. Mwaka 2019 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa upya mchezo wake wa Resident Evil 2, uliotoka kwanza mwaka 1998. Waundaji waliubadilisha mambo mengi: mchezaji wa zamani aliona vyumba kwa jicho lililotulia pembeni mwa dari, na wa sasa huona kwa jicho linalomfuata mhusika begani. Wapenzi waliufurahia. Mwaka uliofuata, Januari 2020, kampuni ya Blizzard ilitoa upya Warcraft III ya mwaka 2002. Hapa hadithi na ramani zilibaki karibu vilevile, lakini mchezo ulipokewa kwa ghadhabu kubwa hata kampuni ikakubali kurudisha fedha za wanunuzi.

Jibu linalotolewa kwa wepesi ni kwamba wapenzi wa kazi kongwe hawaipendi kazi yenyewe bali wanaupenda ujana wao, na hakuna fundi awezaye kuwarudishia ujana. Jibu hili lina ladha ya busara, lakini halitoshi. Lau lingekuwa kweli, watu wale wale wasingeridhika na kazi yoyote iliyoundwa upya. Nao huridhika. Huyu aliyekasirika mwaka 2020 yamkini ndiye aliyeshangilia mwaka 2019, na kwa muda wa mwaka mmoja umri wake haukubadilika sana.

Jibu la pili, lililo karibu zaidi na mazoea ya uhakiki, ni lile la uaminifu: kadiri nakala inavyokaribia asili, ndivyo inavyofaulu. Mifano miwili tuliyoitaja yatosha kulitia shaka. Borges wa Argentina alilifanyia jibu hili mzaha katika hadithi aliyoichapisha mwaka 1939, ambamo mtu anaandika upya sehemu za Don Quixote neno kwa neno, na mhakiki wake anadai kuwa kazi hiyo ni tofauti kabisa na ya Cervantes. Mzaha ule una ukweli ndani yake. Maneno hayabadiliki, lakini aliyeyasema, alipoyasemea na waliosemewa wote wamebadilika.

Sisi wa pwani hatuna haja ya kwenda Argentina kulitafuta jibu. Washairi wetu walikuwa na fani kamili ya kuunda upya, yenye kanuni zake, nayo ni takhmisa. Jina latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya tano. Mtunzi huchukua shairi la mwenziwe lenye mishororo miwili miwili, akatanguliza mishororo mitatu yake mwenyewe, ubeti ukawa wa mishororo mitano. Mfano mashuhuri ni takhmisa ya Liyongo, ambayo kwa mapokeo yanasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, huyo huyo anayetajwa kuwa mtunzi wa Al-Inkishafi. Mishororo mitatu ya mwanzo katika kila ubeti ni ya Sayyid. Miwili ya mwisho ni ile inayohesabiwa kuwa ya Fumo Liyongo.

Tutazame fani hii inavyofanya kazi. Mtunzi wa pili ana uhuru mkubwa: yeye ndiye anayesema kwanza, na maneno yake ni mengi kuliko ya mwenyewe. Anaweza kuyaelekeza maneno ya Liyongo kwenye maana ambayo Liyongo hakuifikiria. Pamoja na hayo amefungwa kwa kamba mbili. Kwanza, vina vyake lazima vifuate kina anachokikuta katika mshororo wa asili, hivyo hana budi kumsikiliza marehemu kabla ya kufungua kinywa. Pili, na hili ndilo kubwa, mishororo ya asili haiguswi. Imesimama mwishoni mwa ubeti, mahali pa heshima, na msomaji akitaka kuichambua aisome peke yake anaweza.

Tukirudi kwenye michezo ile, tunaona jambo ambalo hoja ya uaminifu haikutuonyesha. Mchezo wa Capcom wa mwaka 1998 haukuondolewa ili kuupisha ule mpya. Blizzard, kwa upande wake, iliubadilishia programu hata mtu aliyekuwa na mchezo wa zamani nyumbani kwake, akajikuta anacheza kwa programu mpya iliyokosa baadhi ya mambo aliyoyazoea. Novemba 2021 kampuni ya Rockstar nayo ilitoa upya michezo yake mitatu ya Grand Theft Auto ya miaka 2001, 2002 na 2004, baada ya kuiondoa ile ya zamani katika maduka yake ya mtandaoni. Lawama zilipozidi iliomba radhi na kuirudisha kwa wenye kompyuta. Kosa la namna hii halikuwa la fani. Asili ilinyang'anywa ili nakala isipate mpinzani.

Hata hivyo, takhmisa peke yake haijibu kila kitu, na mfano unaoitia matatani uko hapa hapa kisiwani Mvita. Namkusudia Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, ambaye kwa miongo kadhaa sauti yake ilisikika katika arusi na kanda za kaseti kutoka Mji wa Kale hadi Uarabuni. Nyimbo zake nyingi ziliimbwa kwa mahadhi ya sinema za Kihindi. Mahadhi yalichukuliwa mazima, wala si vionjo tu, pamoja na ile namna ya kupandisha sauti ya waimbaji wa Bombay. Maneno ya Kihindi yakatupwa yote, na mahali pake yakawekwa mashairi ya Kiswahili, mengi yao ya Ahmad Nassir Juma Bhalo, yule mtunzi wa Malenga wa Mvita.

Ugumu wa kazi hii haujapewa uzito unaostahili na wahakiki wetu, ambao wengi wamekomea kwenye hukumu ya kwamba ni uigaji. Shairi la kawaida lina mizani kumi na sita kwa kila mshororo, nane kila upande. Wimbo wa sinema haujui nane wala kumi na sita. Una kipande kifupi cha kurudiwa, kisha vipande virefu vinavyopanda na kushuka kwa hesabu zake. Hivyo basi mtunzi hulazimika kuanza na mahadhi na kuyakatia maneno kwa kipimo chake, kama mshoni anayepewa mwili kabla ya kitambaa. Tena kuna mkazo. Neno la Kiswahili hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo huo ukiangukia mahali pasipopigwa na tabla, msikilizaji husikia neno lililovunjika. Katika nyimbo bora za Bhalo huo mvunjiko hausikiki. Vina vinakaa pale mahadhi yanapotua pumzi, na fumbo linafunguka pale sauti inapopanda. Aliyeyafanya haya alikuwa ameusikiliza wimbo wa asili kwa makini kuliko wengi walioununua.

Wapo walioulaumu mtindo huu wakati wake, na hawakuwa watu wadogo. Zein l'Abdin, fundi wa udi mzaliwa wa Lamu aliyeishi Mombasa, alishika njia nyingine, ya mahadhi ya Kiarabu na ya Kiswahili. Nampenda Zein, na kama ningelazimishwa kuchagua kanda moja ningeichukua yake. Lakini nadhani lawama ya uigaji ilikosea mahali pa kuangukia. Hadhira ya Bhalo iliyajua mahadhi yale yalikotoka. Watu walikuwa wameziona sinema zenyewe mjini, katika majumba kama Regal na Naaz, na walikwenda arusini wakiwa na wimbo wa asili masikioni. Kwao kila wimbo wa Bhalo ulikuwa takhmisa ya namna yake: mishororo ya asili haikuandikwa, ila ilikuwa imehifadhiwa na wasikilizaji wenyewe. Walifurahia kuisikia Bombay ikisema mafumbo ya Kibokoni.

Hapa ndipo sheria na haki zinapopishana kwa namna inayostahili kufikiriwa. Kampuni ya mchezo ilikuwa na hati zote, ikawadhulumu wapenzi wake. Mwimbaji wa Mombasa hakuwa na hati yoyote kutoka Bombay, na hakumnyima mtu yeyote wimbo wake. Sinema iliendelea kuonyeshwa kama kawaida. Je, tuseme basi hakuwa na deni? La. Mtunzi wa mahadhi yale alikuwa na jina, na jina hilo halikutajwa arusini. Hata jina la mtunzi wa maneno, aliyekuwa jirani kabisa, mara nyingi lilifunikwa na la mwimbaji. Takhmisa ina adabu hii ambayo tarabu haikuirithi: haiwezekani kuisoma bila ya kujua kwamba waliosema ni wawili. Kwa hivyo nakataa kumwita Bhalo mwizi, na nakataa vilevile kusema kuwa hesabu yake imefungwa.

Hoja yetu ya kwamba asili iachwe isimame ina shimo lake, nalo tulitazame bila ya kuzunguka. Kusimama ni kusimama wapi? Mashairi ya Muyaka bin Haji yalidumu Mombasa vinywani mwa watu na katika hati za Kiarabu. Mwishoni mwa karne ya 19 mmisionari W. E. Taylor aliyakusanya kwa msaada wa Mwalimu Sikujua bin Abdalla. Mwaka 1940 William Hichens akayachapisha kwa hati za Kirumi katika Diwani ya Muyaka, na mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz akayarudia kwa uchambuzi mpana zaidi. Kila hatua ilikuwa ni kuunda upya, na sisi sote tunaomfundisha Muyaka twala matunda yake. Hati zile hazikuharibiwa. Ziko salama, London, katika maktaba ya SOAS. Asili imesimama, ila imesimama umbali wa nauli ya ndege kutoka kwenye mitaa ambamo maneno yenyewe yalitungwa, na picha za hati mtandaoni, ingawa zina msaada mkubwa, zinamfaa yule tu ambaye bado anazisoma hati za Kiarabu. Wajukuu wa wasomaji wa Muyaka wengi wao hawazisomi. Hakuna aliyewanyang'anya kitu kwa siku moja, kama ilivyotokea mwaka 2020. Walichokuwa nacho kiliwaponyoka polepole.

Mji wa Kale wenyewe una mfano wa upole kama huo wenye madhara. Nyumba zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, vitu vinavyovuta na kutoa unyevu. Mwenye nyumba anayetaka kuitengeneza vizuri huipaka saruji, ukuta ukang'aa. Saruji huuziba unyevu na chumvi ndani, na baada ya miaka jiwe huanza kumomonyoka nyuma ya lipu iliyo safi. Hakukusudia kubomoa. Alikosa kujua ule ukuta ulikuwa ukifanya kazi gani.

Nimewahi kusikia nyimbo za Bhalo zikirudiwa arusini na vijana wenye kinanda cha umeme. Sauti zao ni nzuri na mahadhi hayakosewi. Lakini ngoma ya mashine hukimbia, maneno humezwa, na wakati ambapo zamani wanawake walikuwa wakitazamana kwa sababu fumbo limempata mtu, sasa watu wanacheza tu. Kilichopotea si noti hata moja. Na miongoni mwa vijana hao sinema za Regal na Naaz hazikuwahi kuonwa. Mmoja wao, aliyekutana na wimbo wa asili kwenye simu yake, alinieleza kwa mshangao wa kweli kwamba Wahindi wamemwiga Juma Bhalo. Nilicheka, kisha nikaona kuwa ningemjibu vibaya kama ningemwambia tu kwamba amekosea, kwa maana ile takhmisa iliyokuwa imehifadhiwa na wasikilizaji imeondoka pamoja nao, na hakuna aliyeniambia mimi kama mhakiki nilipaswa kuandika mishororo ile miwili mahali fulani kabla hawajaondoka.