Ngome ya Luba na mlango wa stoo

Tulikuwa tunapeleka vijana Mbale kwa mechi. Ukitoka Jinja, kabla ya kufika Iganga, kuna njia ya kulia inayokwenda Mayuge, halafu Bukaleba kando ya ziwa. Hatukukata kona, ila ndani ya taksi niliwasimulia habari za ngome iliyokuwa huko, ngome ya Luba.

Ngome ilikuwa ya Waingereza, lakini walioilinda walikuwa askari wa Kisudani. Ukiangalia vizuri, hao nao ni watu wa kukimbia kama sisi. Walikuwa jeshi la Emin Pasha, vita vya Mahdi vikawafungia njia ya kurudi kwao, na mwaka 1891 Lugard akawachukua. Wakapigana vita vya wengine miaka sita. Mshahara mdogo, tena unachelewa. Mwaka 1897 wengine wakaamriwa safari ndefu na Macdonald, mbali na familia zao. Wakakataa, wakatembea hadi kwa Luba, na wenzao ndani wakawafungulia. Mkuu wao, Meja Thruston, alikuwa amewaendea mwenyewe kwa kuwaamini. Wakamfunga, na Oktoba hiyo wakamuua pamoja na Waingereza wengine wawili.

Kijana mmoja akasema, "Walikuwa na haki. Unalinda ukuta, na ukuta wenyewe haukulindi?"

Msichana aliyekaa nyuma akamjibu, "Haki ya kukataa, sawa. Kumuua mtu uliyemfunga, hiyo ni haki gani?"

Mimi niko na huyo dada. Ila wale waliofungua mlango bado wananisumbua. Walisikia sauti za ndugu zao nje. Wangefanya nini?

Nauliza kwa sababu niliwahi kulinda stoo ya chakula usiku, zamani kidogo, wakati mgao ulipopunguzwa. Malipo yangu yalikuwa ya miezi miwili nyuma. Usiku mmoja jirani yetu alikuja na mtoto mgongoni, akaomba bakuli moja tu la unga. Ufunguo nilikuwa nao mfukoni. Sikufungua. Nilijiambia, nikimfungulia huyu, kesho watakuja mia, na chakula ni cha wote. Hiyo hesabu naamini ilikuwa sahihi. Lakini pia niliogopa kufukuzwa kazi, na siwezi kujua ni lipi lililoushika mkono wangu.

Asubuhi mkubwa wetu akanisifu kwamba hakuna kilichopungua. Yule mama, tukikutana bombani, yeye ndiye huanza kunisalimia.