Kukubali Kushindwa

Methali isemayo kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani hutumiwa sana baada ya mchezo kwisha, au uchaguzi, au shauri la mahakamani. Aghalabu hutamkwa na aliyeshinda, kwa nia ya kumtuliza aliyeshindwa, na kwa hiyo hupokewa kama dawa ya kutia kidonda baridi. Walakini katika maneno yake manne mna swali ambalo methali yenyewe hailijibu. Kukubali kushindwa ni kukubali lini? Mtu aweza kukubali baada ya mchezo, mwamuzi akiisha kupuliza kipenga na hesabu ikiisha kufungwa. Aweza pia kukubali kabla, siku ingali asubuhi, kwa kuwa ameupima uwezo wake na uwezo wa mwenzake akaona haulingani. Kukubali kwa kwanza ni adabu. Kukubali kwa pili ni nini? Wapo watakaokuita hekima, wapo watakaokuita woga, na wapo watakaosema kuwa ni kuujua ukweli tu, na ajuaye ukweli hana lawama.

Swali hili haliwezi kupimwa katika mchezo mmoja. Katika mchezo mmoja bahati ina fungu lake, na aliye dhaifu hujifariji kwa tumaini. Kipimo cha kweli chataka mahali ambapo kushindwa kumerudiwa hata tumaini likakauka, na bado watu wale wale wakatakiwa waamke kesho wakashindane tena. Mahali kama hapo palikuwapo nchini Marekani, kati ya Oktoba 1974 na Aprili 1975, katika timu ya Washington Capitals iliyocheza mpira wa magongo wa barafuni.

Mchezo huo ni mgeni kwa watu wa Afrika ya Mashariki, lakini maneno machache yatosha kuueleza. Wachezaji sita kila upande, mmoja wao akiwa mlinda lango, huteleza juu ya uwanja wa barafu wakiwa wamevaa viatu vyenye makali ya chuma chini ya nyayo. Mikononi wana magongo, na kwa magongo hayo hukichapa kisahani kigumu cha mpira mpaka langoni mwa wapinzani, kwa kasi ambayo jicho lisilozoea haliwezi kuifuata. Vipindi ni vitatu, vya dakika ishirini ishirini. Ligi kubwa ya Amerika ya Kaskazini ilikuwa na timu 18 mwaka ule, na kila timu ilicheza mara 80. Ushindi ulileta pointi mbili, sare ikaleta moja.

Washington ilikuwa timu mpya kabisa. Mwenye timu, Abe Pollin, alilipa dola milioni sita ili aingie katika ligi, na ukumbi wa kuchezea ulikuwa umekwisha kujengwa Landover katika jimbo la Maryland, nje kidogo ya mji mkuu. Wachezaji alipewa kwa utaratibu uliopangwa na wenye timu za zamani: kila timu iliwaficha wale iliowapenda, ikawaacha hadharani wale ambao haikuwahitaji sana, na timu mbili ngeni, Washington na Kansas City, zikachagua katika masazo hayo. Hata masazo yenyewe yalikuwa haba. Ligi ilikuwa imekwisha kuongezwa timu mwaka 1967, tena 1970, tena 1972. Na tangu mwaka huo wa 1972 ilikuwako ligi nyingine iliyowavuta wachezaji kwa mishahara minono. Ni kama mtu aliyetozwa kiingilio cha karamu, kisha akaonyeshwa sufuria iliyobaki ukoko, na ukoko wenyewe umekwisha kukwanguliwa.

Matunda yake yalionekana upesi. Mechi ya kwanza, tarehe 9 Oktoba, walifungwa New York mabao 6 kwa 3. Tarehe 17 waliifunga Chicago 4 kwa 3, na huo ukawa ushindi wao wa kwanza. Wale waliodhani kuwa mambo yameanza kunyooka walidhani vibaya. Mwisho wa msimu hesabu ilisimama hivi: ushindi 8, sare 5, kushindwa 67. Walifunga mabao 181 wakafungwa 446, yaani zaidi ya matano na nusu kwa kila mchezo. Pointi zao zilikuwa 21, ilhali Philadelphia, Buffalo na Montreal zilipata 113 kila moja. Baadaye zilitokea timu zilizoshindwa mara nyingi zaidi, kama San Jose iliyoshindwa mara 71 katika msimu wa 1992–93. Lakini San Jose ilicheza mechi 84 na ilishinda 11. Kwa kipimo cha pointi zilizopatikana kati ya pointi zilizowezekana kupatikana, Washington ya mwaka ule ingali chini ya timu zote.

Waliongozwa na makocha watatu kabla msimu haujaisha. Jim Anderson alianza. Red Sullivan akampokea, naye akaacha baada ya mechi 18. Mwisho meneja mwenyewe, Milt Schmidt, aliyekuwa mchezaji mashuhuri wa Boston katika ujana wake, ikambidi aongoze mechi zilizobaki. Ugenini walishindwa mara 37 mfululizo. Miongoni mwa walinda lango, Ron Low ndiye aliyekuwa langoni katika ushindi wote nane. Mwenziwe, Michel Belhumeur, alitokea katika mechi 35 asipate ushindi hata mmoja: alihesabiwa kushindwa mara 24 na sare 3, na zilizobaki ziliandikwa kwa jina la mwingine.

Fikiri, msomaji, asubuhi ya mlinda lango huyo mwezi wa Machi. Anaijua hesabu. Anawajua walinzi watakaosimama mbele yake, na anawajua washambuliaji watakaokuja kutoka upande wa pili. Hahitaji mnajimu. Je, ana wajibu gani jioni ile, na wajibu huo ni kwa nani?

Jibu jepesi ni ujira: analipwa, basi na afanye kazi. Jibu hili ni la kweli lakini ni fupi. Ujira huuleta mwili uwanjani na kuuvika mavazi ya timu. Mambo mengine hauwezi kuyadai, kwa sababu hauwezi kuyaona. Mlinzi autiaye mguu wake mbele ya kisahani kijacho kwa kasi, na mlinzi auepushaye kwa sekunde moja kana kwamba amechelewa, hupokea mshahara ule ule, na kocha mwenyewe huenda asijue tofauti. Anayeijua ni mchezaji. Wajibu usioonekana na mlipaji hauwezi kuwa umenunuliwa naye.

Jibu la pili ni tamaa ya makuu. Kwa vijana wengi wa timu ile hapakuwapo mlango mwingine wa kuingilia katika ligi kubwa; hata katika timu iliyoshindwa mtu aweza kuonekana na kuchukuliwa mahali pema zaidi. Jambo hili lina uzito na halifai kudharauliwa. Lakini halimwelezi Tommy Williams. Mtu huyu alianza msimu akiwa na umri wa miaka 34. Alikuwa amekwisha kupata medali ya dhahabu akiwa na timu ya Marekani katika michezo ya Olimpiki ya 1960, na amekwisha kucheza miaka mingi Boston. Hakuwa na mlango uliobaki wa kubisha. Naye ndiye aliyeongoza timu kwa kufunga, mabao 22, na ukijumlisha aliyowatengenezea wenzake alipata pointi 58. Lazima pawe na sababu nyingine, ambayo tamaa na mshahara haziifikii.

Kiswahili kina neno la kusaidia hapa. Kitenzi shindana kimefungwa kwa kiambishi kinachodai pande mbili. Hapana ashindanaye peke yake, kama hapana apatanaye peke yake. Mshindani hutokana na kitenzi hicho, na wala si na shinda iliyo tupu. Ndiyo kusema kwamba mashindano ni kitu kinachotengenezwa na watu wawili, na aliye dhaifu huleta nusu yake kama aliye hodari aletavyo nusu yake. Akiizuia nusu ile, mwenzake hapati ushindi; anapata kitu chenye umbo la ushindi. Madhara hayaishii hapo. Katika ligi kila mchezo hugusa timu zisizokuwapo uwanjani: timu inayogombea nafasi na Buffalo hudhulumiwa na mtu wa Washington anayejilegeza mbele ya Buffalo. Deni la mlinda lango, basi, si kwa mwenye timu peke yake. Ni kwa watu kumi na wawili walio barafuni, na kwa wengine wengi walio mbali.

Mchezo wa maneno, hata hivyo, si hoja kamili, na mpinzani wa maoni haya ana jambo zito la kusema. Atasema kuwa mashindano yaliyopangwa kwa dhuluma hayamfungi mtu. Waliogawa masazo walijua wanachogawa. Wakatwaa dola milioni sita na bado wakaficha chakula. Kwa nini aliyedhulumiwa avunje mifupa yake ili karamu ya waliomdhulumu ionekane halali? Swali hili laumiza, na jibu lake halina budi kutenganisha mambo mawili. Lawama ya utaratibu ni ya walioutunga, nayo yapaswa kusemwa waziwazi, mezani, na wenye ulimi wa kuisema. Kujilegeza barafuni hakuwafikii watu hao. Huwafikia mlinzi aliye kushoto, ambaye sasa atabeba mzigo wa wawili, na mtazamaji aliyelipa kiingilio. Dhuluma iliyopokewa juu hugawiwa chini, na aliyeianzisha hubaki salama nyumbani kwake.

Kuna hatari nyingine iliyo mbaya zaidi, kwa kuwa imevaa nguo za akili. Sheria ya ligi ilimpa timu ya mwisho haki ya kuwa wa kwanza kuchagua kijana mpya mwaka unaofuata. Nia ilikuwa njema: aliyeanguka ashikwe mkono. Lakini kushindwa kukawa bidhaa yenye bei. Mwaka 1984, kijana Mario Lemieux alipokuwa akingojewa na kila mtu, timu ya Pittsburgh ilishutumiwa kuwa ilishindwa kwa makusudi ili impate. Ilimpata, na miaka ya 1991 na 1992 ikatwaa kombe la Stanley. Tangu 1995 ligi imetumia bahati nasibu katika kuamua nani aanze kuchagua, jambo ambalo lisingehitajika kama shaka zile zingekuwa za bure tu.

Hapa yafaa kusimama kidogo. Ikiwa tuhuma zile zilikuwa za kweli, basi hila ililipa, na ililipa sana. Mtetezi wa juhudi anayesema kuwa juhudi huleta faida mwishoni amekwisha kunyang'anywa silaha yake. Washington nayo, baada ya mateso yote yale, ilikuwa na haki ya kuchagua kwanza mwaka 1975. Wakubwa wake wakaibadilisha kwa Philadelphia, wakapokea wachezaji na nafasi ya chini zaidi. Hapana faida iliyowafikia wale walioumia. Na hata kijana bora angaliletwa, angalikuja kuchukua mahali pa mmoja wao. Anayetaka kuitetea juhudi ya watu wale hana budi kuitetea bila ya msaada wa matokeo.

Watu wengi hawapendi hivyo, na hutafuta faraja katika miaka ya baadaye. Hutaja kwamba tarehe 7 Juni 2018 Washington ilitwaa kombe, na kwamba iliyemshinda katika fainali ni Vegas, timu ngeni iliyokuwa katika msimu wake wa kwanza. Kisa hiki chapendeza kusimuliwa. Vegas ililipa dola milioni 500, na safari hii wenye timu walilegeza mkono: kila moja ya timu 30 ilitoa mchezaji mmoja, na kanuni za kuficha zilikuwa na huruma zaidi. Lakini kombe la 2018 halikuwalipa watu wa 1974, waliokuwa wamekwisha kustaafu, na wengine wamekufa. Tommy Williams alifariki mwaka 1992. Kufanya msimu wao kuwa mbegu ya mavuno ya wengine ni kuwanyima hata ule msimu.

Chao wenyewe kilikuwa kidogo, nacho kilipatikana Oakland tarehe 28 Machi 1975. Walikuwa wameshindwa mechi 17 mfululizo, na ugenini hawajashinda kamwe. Waliifunga timu ya California mabao 5 kwa 3. Wakatwaa pipa la taka, wakalinyanyua kama mabingwa wanyanyuavyo kombe la Stanley, wakazunguka nalo kwa shangwe. Wako waliocheka, na wana haki ya kucheka. Wachezaji wenyewe walicheka kwanza. Mtu aliyekata tamaa hana haja ya pipa, na mtu anayejidanganya angetaka kombe. Waliijua hesabu yao barabara, na walikuwa wamecheza mchezo wa jioni ile kana kwamba hesabu haijaandikwa.

Siku tisa baadaye, tarehe 6 Aprili, ulikuwa mchezo wa mwisho, nyumbani Landover. Nafasi ya mwisho ilikuwa yao kwa vyovyote. Waliifunga Pittsburgh 8 kwa 4, na Stan Gilbertson alifunga manne. Belhumeur alirudi msimu uliofuata, akacheza mechi chache, na hakushinda hata moja.