Dadu Nyuma ya Pazia

Mtega kitendawili ana mamlaka ambayo hata kadhi hana. Kadhi huhukumu kwa sheria aliyoikuta. Mtega kitendawili hulitunga swali yeye mwenyewe, hulificha jawabu kifuani mwake, kisha hukaa kitako akawa hakimu wa wale wanaolitafuta. Akitaka kudhulumu, nani atamjua? Mtoto akilitaja jawabu lenyewe, mtegaji aweza kusema "silo", akalibadili la kwake kimoyomoyo, na ukumbi mzima usitambue. Aweza pia kutenda kinyume chake: akamwona mdogo wa wote machozi yanamlengalenga kwa kushindwa mara ya tatu, akalipokea jawabu ambalo silo na kumpa pongezi. Tendo la kwanza ni dhuluma, wala halihitaji mjadala. La pili lina sura ya huruma, na kwa sababu hiyo ndilo linalostahili kuchunguzwa.

Kuna mchezo wa mezani ambao umeligeuza jambo hilo dogo la ukumbini kuwa mas'ala makubwa. Aghalabu mchezo huo hauna mshindi. Mmoja wa waliokaa huwa msimamizi: hutunga mkasa, yaani mahali, hatari na watu wa kukutana nao. Wengine kila mmoja huvaa nafsi ya mtu wa kubuni, akasema na kuamua kwa niaba yake. Panapokuwa na shaka kama tendo litafanikiwa, hutupwa dadu.

Nasaba yake ni ndefu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1824 afisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, alichapisha kanuni za mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani, wenye dadu, majedwali na mwamuzi. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois alichoshwa na wingi wa majedwali hayo, akapendekeza yawekwe kando pamoja na dadu, mwamuzi aamue kwa uzoefu wake tu. Mwaka 1969, katika jimbo la Minnesota huko Marekani, David Wesely aliwapa wachezaji wake mji wa kubuni ulioitwa Braunstein, na kila mmoja akawa mtu mwenye haja zake badala ya kuwa jemadari wa jeshi. Katika kundi hilo alikuwamo Dave Arneson, ambaye pamoja na Gary Gygax walitoa mchezo wa Dungeons & Dragons mwaka 1974. Tangu hapo michezo ya namna hiyo imekuwa mingi, na kwa kuwa hakuna kitabu kinachoweza kutabiri kila litakalozuka mezani, kila kundi hujitungia kanuni za nyumbani: hii imeongezwa, ile imefutwa, nyingine imepindwa ikakaa vizuri.

Msomaji na achukulie mfano wa kubuni. Mahali ni Olmotonyi, magharibi ya mji wa Arusha, kwenye miteremko ya Mlima Meru, penye chuo cha misitu na msitu wa mafunzo wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Wanafunzi wanne wamekaa bwenini usiku, baridi inapenya madirishani. Msimamizi wao ametunga mkasa wa pale pale walipo: moto umeshika juu ya shamba la misindano, upepo unateremka, na kati ya kijiji na moto kuna korongo. Mmoja amevaa nafsi ya bwana misitu aliyeripoti kazini juzi, wa pili ni mrina asali, wa tatu ni kijana mchoma mkaa ambaye huenda ndiye aliyeuwasha moto huo bila kukusudia. Mchoma mkaa anaamua kuruka korongo akaokoe ng'ombe wa nduguye. Msimamizi anatangaza: dadu yenye pande 20, ikitoka 12 au zaidi, amevuka, ikipungua, ameanguka na amekufa. Mbele ya msimamizi kuna pazia dogo la karatasi ngumu, na nyuma yake ndiko dadu inakotupwa. Inatoka 3. Msimamizi anawatazama wenzake, anamwona yule aliyekwisha kumpenda mchoma mkaa wake kwa miezi mitatu ya mchezo, anasema: "Kumi na tano." Chumba kinalipuka kwa furaha.

Nani ameumizwa? Hakuna mali iliyopotea, na korongo lenyewe halipo. Watetezi wa msimamizi wana hoja nzito. Watu wamekuja kufurahi, wala hawakuja kushtakiwa. Dadu haina akili. Haijui kwamba kijana huyo alikuwa na deni la kumwomba radhi nduguye, na kwamba hadithi ingekatika pabaya. Na bibi anayesimulia ngano, husema watetezi hao, hubadilisha mwisho kila anapomwona mjukuu ameingiwa na hofu. Sungura aliyeliwa jana leo ameponyoka, na hakuna anayemwita bibi mwongo.

Hoja ya bibi ndiyo yenye nguvu, na ndiyo inayovuja. Mjukuu anayesikiliza ngano hakuamua lolote. Hakumtuma sungura mtoni, hakupima hatari, hakusema "nitakwenda nijuapo kwamba naweza kufa." Mchezaji wa Olmotonyi alisema hivyo hasa. Aliambiwa bei, akaitazama, akakubali kuilipa. Ujasiri wa mchoma mkaa ni wa kubuni, lakini uamuzi uliofanywa na mwanafunzi aliyeketi mezani ni uamuzi wa kweli, na msimamizi ameufanya usiwe na uzito wowote bila kumwambia mwenyewe. Angeamua kubaki ng'ambo ya huku, ng'ombe wangeokolewa kwa njia nyingine, aliporuka, alivushwa. Furaha iliyolipuka chumbani ilikuwa ni furaha ya watu walioamini kwamba wameponea chupuchupu, nao hawakuwa wameponea chochote.

Hapa Verdy du Vernois anastahili kutetewa. Aliondoa dadu, lakini aliiondoa waziwazi. Kila afisa aliyekaa kwenye mchezo wake alijua kwamba kauli ni ya mwamuzi. Hapakuwa na hila. Hila huanza pale dadu inapotupwa kwa mbwembwe, ikasikika ikigonga meza, ilhali aliyeamua ni mtu. Hapo msimamizi huwa ametumia heshima ya bahati kuyafunika mapenzi yake mwenyewe.

Isidhaniwe kwamba kila kilichofichwa ni uongo. Wapenzi wa mashairi wanalijua hilo kuliko watu wengine wote, maana fumbo ni mali yao. Anayetunga shairi la fumbo akawauliza malenga wenzake, huficha maana kwa makusudi, na hakuna anayemlaumu. Wenzake hulifumbua kwa bahari na vina vilevile, na ustadi wao hupimwa hapo. Kufumba ni ahadi: kwamba jawabu lipo, kwamba njia ya kulifikia imeachwa ndani ya beti zenyewe, na kwamba halitahamishwa atakapolikaribia mtu. Mtunzi anayelihamisha amevunja ahadi hata kama hakuna atakayejua. Vivyo hivyo msimamizi aweza kuwaficha wachezaji wake kwamba mrina asali anamjua aliyewasha moto. Hiyo ni siri ya haki. Kilicho haramu kwake ni kulihamisha jawabu.

Swali hilo linakuwa gumu zaidi katika aina ya hila ambayo wasimamizi wengi huiona ni hekima ya kazi tu. Mkasa mwingine wa meza ileile: watu hao hao wanapanda Meru kutokea Momella. Kuna njia mbili za kufika kambi ya Miriakamba, moja fupi na yenye mwinuko mkali, nyingine ndefu, inayopita chini ya mtini mkubwa uliojipinda kama tao. Msimamizi ametayarisha nyati mmoja, na kazi ya kumtayarisha imemchukua jioni nzima. Wachezaji wakishika njia fupi, nyati yuko huko. Wakishika ndefu, nyati amehamia mtini. Je, amewadanganya? Jawabu halipatikani bila kujua kwa nini walichagua. Ikiwa walichagua kama mtu anayerusha sarafu, bila kujua lolote la njia yoyote, basi hawakunyang'anywa kitu. Nyati alikuwa hana mahali mpaka walipompa. Lakini ikiwa walimuuliza askari wa hifadhi, akawaambia kwamba kwenye njia fupi kumeonekana mavi mabichi ya nyati, nao wakaikubali safari ndefu na uchovu wake ili wamkwepe, basi kumhamishia nyati mtini ni kuwapokonya akili yao wenyewe. Walitumia busara, na busara ikafanywa kuwa sawa na upumbavu. Nyati ni yuleyule. Kosa limo katika kile walichokwisha kukilipia.

Basi huruma iwekwe wapi? Bao linajibu vizuri kuliko vitabu vingi. Kwenye bao hakuna pazia. Mashimo 32 yako wazi, kete 64 zinahesabika, na hata zile 22 ambazo kila mchezaji huanza nazo mkononi wakati wa namua hakuna asiyezijua idadi. Fundi anayecheza na mwanafunzi hawezi kumhurumia kwa kuongeza kete gizani. Anachoweza ni kusema kabla ya kuketi: leo tucheze bao la kujifunza, kete mbili kila shimo, bila namua. Hiyo ni huruma kamili, na imetajwa kwa jina lake. Baraza na baraza zina hitilafu zao kuhusu nyumba na kutakata, na mgeni mwenye adabu huuliza kwanza. Akishaambiwa "hapa kwetu ni hivi", hana la kulalamikia. Kanuni ya nyumbani haipungui heshima kwa kuwa ya nyumbani. Hupungua inapozaliwa katikati ya mchezo, upande wa anayeinufaisha au anayemnufaisha mwingine.

Na kitendawili chenyewe, licha ya udhaifu wake, kimetunza hekima ambayo msimamizi wa Olmotonyi aliisahau. Waliotegwa wakishindwa hawauawi. Mtegaji husema, "Nipeni mji," nao humpa mji mzima kwa neno moja, akautalii huko na kurudi na jawabu. Kushindwa kuna bei, bei yenyewe inauma kidogo na kuchekesha kidogo, na mchezo unaendelea. Kumbe tatizo la mchoma mkaa halikuwa dadu. Dadu yenye pande 20 inayotakiwa kutoa 12 au zaidi huvusha mara 9 katika 20. Maana yake msimamizi alimtia kijana kwenye hatari ya kufa iliyozidi nusu, kwa ulimi wake mwenyewe, kisha akaogopa hesabu aliyoitunga. Kama hakuwa tayari kumwona akifa, angesema mapema: ikipungua 12, umeshika mzizi upande wa pili lakini panga na kamba vimetumbukia, au, umevuka, ila bwana misitu amekuona na sasa anajua njia yako ya siri. Mkasa uliotungwa hivyo unahitaji kazi zaidi kuliko kuandika neno "amekufa", na pengine ndiyo sababu wengi hukimbilia pazia.

Nchi ya Waarusha, ambamo Olmotonyi imo, ilikuwa na mazoea yanayofaa kukumbukwa hapa. Philip Gulliver, mwanaanthropolojia aliyewaandikia kitabu mwaka 1963, alieleza jinsi magomvi yalivyomalizwa katika taratibu zao za jadi bila hakimu wa kukata shauri. Kila upande ulikuja na watu wake wa ukoo na wa rika, wakasema, wakavutana, wakarudi nyuma, mpaka likapatikana jambo ambalo pande zote zinaweza kuondoka nalo. Haikuwa lazima liwe jambo la haki kabisa. Mwenye watu wengi na ulimi mzuri alikuwa na nafasi yake. Lakini kila aliyeshindwa alishindwa mbele ya macho yake. Na huko Babati, iliyokuwa bado sehemu ya Mkoa wa Arusha, wanakijiji wa kando ya msitu wa Duru-Haitemba walianza katikati ya miaka ya 1990 kujiwekea kanuni za matumizi ya msitu huo na kuulinda kwa walinzi wao wenyewe; Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikaja kuipa njia hiyo nafasi nchi nzima. Kulinganisha msitu wa kweli na moto wa mezani ni kuzidisha, na mwenye kucheka ana haki. Hata hivyo wanafunzi wa misitu ndio hasa wanaotarajiwa kesho kukaa na kijiji wakitunga sheria ndogo, na mtu aliyezoea kuiona kanuni kama kitu anachoweza kukirekebisha kimyakimya kwa ajili ya wema wa wengine hataliacha zoea hilo bwenini.

Inabaki hali moja isiyotatulika kwa urahisi. Wapo wachezaji wanaosema siku ya kwanza kabisa: sisi hatutaki kufa kwa dadu, tudanganye ikibidi, na usituambie. Huo ni mkataba, na wameuridhia wakiwa na akili timamu. Msimamizi anayeutekeleza hajamkosea mtu. Ila mkataba huo una gharama ambayo hulipwa baadaye. Ipo siku yule mchoma mkaa atawasimulia wageni, kwa mikono na kwa macho, namna alivyoliruka korongo la Meru usiku wa moto, na katikati ya masimulizi atamgeukia msimamizi na kumuuliza: "Ilikuwa kumi na tano, siyo?"