Nyigu Tuliyemwalika

Mwaka 1860 Charles Darwin alimwandikia Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Marekani, kwamba nyigu wanaokulia ndani ya viwavi hai walimtia shaka juu ya Muumba mwenye huruma. Swali la Muumba nawaachia wenye elimu hiyo. Langu ni hili: na sisi tunaomwalika nyigu huyo kwa makusudi?

Maana tulimwalika. Mwaka 1993 watafiti wa ICIPE walimwachilia Cotesia flavipes, aliyeletwa kutoka Pakistani, kwenye mashamba ya pwani ya Kenya. Ni mdogo kuliko punje ya mchele. Anamtafuta Chilo partellus, kiwavi anayetoboa mabua ya mahindi na mtama, naye pia mgeni kutoka Asia. Nyigu huingia ndani ya tundu, akamchoma kiwavi na kumtagia makumi ya mayai mwilini, pamoja na virusi vya kulemaza kinga yake. Kiwavi huendelea kula kama kawaida. Baada ya kama wiki mbili watoto wa nyigu huitoboa ngozi yake, wakatoka. Inatisha, jamani. Ila nyigu naye haendi harusini: wengi huumwa na kiwavi wakafia humo humo.

Wapo wanaosema mdudu hasikii maumivu, basi yaishe. Silipendi jibu hilo. Linakuja haraka mno, tena linakuja pale linapotufaa.

Mimi natazama upande wa pili. Mkulima wa Kilifi mahindi yakimkauka kiini, watoto wake watakula nini? Akinyunyiza dawa, inaua na nyuki, yeye mwenyewe anaivuta, na kiwavi aliyekwisha kuzama ndani ya bua wala haimfikii. Nyigu anamfuata huko huko, na msimu ujao hanunuliwi tena. Kwa hiyo niko upande wa nyigu.

Ninachokataa ni kumwita "rafiki wa mkulima". Urafiki gani? Nyigu hamjui mkulima, anatafuta pa kulea wanawe. Jina hilo linatuficha sisi tuliotoa amri. Dawa ukiijutia, unaacha kuinunua. Nyigu akishaenea, nani atamwita arudi? Busseola fusca, kiwavi mzawa wa Afrika anayekula mabua hayo hayo, hakuulizwa lolote. Ni vile tu mwili wake huyazingira mayai ya mgeni na kuyaua.