Kompyuta ya zamani, mfumo mpya, na neno ambalo hatukulisema



Mwezi Novemba mwaka jana, baada ya ibada, tulisimama mbele tukakabidhi kompyuta tisa kwa familia tisa zenye watoto wa sekondari. Mlipiga makofi, picha zikapigwa, chai ikafuata. Kompyuta zile zilitoka kwenu wenyewe. Nyingine zililala miaka chini ya vitanda, nyingine mlipewa kazini zilipobadilishwa. Vijana wetu walizisafisha, wakanunua betri mbili tatu, wakaweka Windows 11. Zote tisa ni za kabla ya mwaka 2018, na kwa masharti ya Microsoft hazikustahili kuwekewa mfumo huo. Vijana waliuruka ukaguzi. Sisi wa kamati tulilijua jambo hilo. Waliokabidhiwa hawakuambiwa.

Mwezi Februari mmoja wa akina mama hao alitushangaza. Mwanawe alikuwa anamaliza kazi za shule kwenye simu, au anashuka hadi maktaba ya High Street, nayo maktaba ina saa zake za kufunga. Tulipouliza kompyuta iko wapi, mama alisema ameizima wiki tatu na kuiweka kabatini. Kwa nini? Kwa sababu siku moja alifungua akakuta maandishi yanayosema kwamba masharti hayajatimizwa. Mama huyu amepokea barua nyingi nchini hapa zenye maneno ya namna hiyo, na hakuna hata moja iliyokuwa ya heri. Alidhani ni yeye ambaye hajatimiza masharti. Alidhani kompyuta ya kanisa imeunganishwa na ofisi fulani, na kwamba akiendelea kuiwasha atajiletea matatizo kwenye viza.

Tulitaka kucheka, tukashindwa. Maandishi yale yalikuwa yanaisema kompyuta tu. Lakini hofu ya wiki tatu tulimpa sisi, pamoja na zawadi.

Tueleze kidogo kwa wasiofuatilia mambo haya. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia. Kompyuta yenye mfumo huo haizimiki. Inawaka kama jana. Kinachokoma ni marekebisho ya kila mwezi yanayoziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni huyagundua. Mwenye kompyuta ya nyumbani anaweza kujiandikisha aongezewe muda hadi tarehe 13 Oktoba 2026, baada ya hapo basi. Windows 11 nayo, iliyotoka Oktoba 2021, inadai chipu ndogo ya usalama iitwayo TPM 2.0, ya kutunzia funguo za siri, na inadai prosesa iliyomo kwenye orodha yao. Kwa Intel orodha hiyo inaanzia, kwa ujumla, kizazi cha nane, yaani kompyuta za mwishoni mwa 2017 kuja huku. Zipo za mwaka 2016 zenye chipu hiyohiyo, ila prosesa haimo kwenye orodha, nazo zinakataliwa vilevile. Mwaka 2023 kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria kwamba kompyuta zipatazo milioni 240 duniani zingeweza kuishia jalalani kwa sababu ya mabadiliko haya.

Mlango wa nyuma upo. Kuna programu ya bure iitwayo Rufus inayoandaa flashi ya Windows 11 isiyouliza habari za TPM. Wenye Mac wana yao, OpenCore Legacy Patcher, kazi ya watu wanaojitolea. Lakini mlango wa nyuma una gharama zake. Microsoft inatamka wazi kwamba kompyuta ya namna hii haina haki ya kudai masasisho. Ya kila mwezi kwa kawaida huja. Toleo jipya la mwaka haliji lenyewe, sharti mtu aje tena na flashi. Toleo la 24H2 lilipotoka mwaka 2024, kompyuta za zamani sana, ambazo prosesa zake hazina amri fulani, ziligoma kabisa kuwaka nalo. Na kwenye Mac, baada ya sasisho kubwa viraka vinahitaji kuwekwa upya, la sivyo picha inakwama au Wi-Fi inapotea.

Sasa swali. Kwenye kikao cha kamati mzee wetu mmoja aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulijibu, kosa liko wapi hapo? Kitu kinawaka, kinaandika, kinafungua masomo ya mtoto; nani amempa mwenye kiwanda haki ya kukitangaza maiti? Akatukumbusha kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tuliokulia kwenye nyumba ambamo redio moja ilifunguliwa na fundi mara kumi kabla ya kuitwa mbovu, maneno hayo yanatuingia moja kwa moja. Kaka yetu mwingine, ambaye kompyuta ndiyo kazi yake, alisema hapana: mfumo uliowekwa kwa hila ni nyumba isiyo na kitasa, na maskini hapaswi kupewa nyumba isiyo na kitasa ati kwa kuwa ni maskini. Walibishana mpaka basi la namba 50 la mwisho la mmoja wao likawa linakaribia kupita.

Wote wawili walikuwa wanaizungumzia kompyuta. Sisi wauguzi, na kanisani hapa tuko wengi, tulikuwa tunamfikiria yule mama.

Hospitalini dawa hutumika nje ya leseni yake kila siku. Leseni inasema dawa hii ni ya watu wazima, kwa ugonjwa fulani, kwa kipimo fulani. Daktari anaiandika kwa mtoto, kwa sababu hakuna iliyo bora zaidi. Anayefikiri hilo ni uvunjaji wa sheria aingie wodi ya watoto aone. Ni halali, na mara nyingi ndilo jambo jema la kufanya. Lakini mzigo unahama. Dawa ikitumika ndani ya leseni, mtengenezaji anasimama nyuma yako. Ikitumika nje, anayeandika ndiye anayebeba zaidi: lazima awe na sababu, lazima mgonjwa au mzazi aelezwe, lazima kuwe na mtu wa kufuatilia. Kumpa mtu dawa nje ya leseni, kumwacha aamini ni ya kawaida, kisha kwenda zako, hilo sasa ni kosa, hata dawa ikimponya.

Hapo ndipo sisi tulipokosea. Hatudhani tulikosea kwa kuuruka ukaguzi.

Mtu mmoja kwenye kamati alijitetea hivi, na tunakiri kwamba wakati ule tulitikisa vichwa kukubali: tungewaambia, wangeogopa, wasingezichukua, na watoto wangekosa. Utetezi huo tunaufahamu. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya Nadine Montgomery, mama mwenye kisukari ambaye hakuelezwa kwamba kwake, kwa njia ya kawaida ya kuzaa, kulikuwa na hatari ya karibu moja katika kumi ya mabega ya mtoto kukwama. Daktari hakumweleza kwa kuwa akina mama wakiambiwa, wengi wangechagua upasuaji. Mtoto alizaliwa mwaka 1999 akiwa na ulemavu mkubwa. Mahakama ilisema, kwa ufupi, kwamba hatari ambayo mtu wa hali yake angeiona ya maana ni lazima aambiwe, kisha achague yeye. Kompyuta si uzazi, hatulinganishi uzito. Tunalinganisha lile wazo la “tukimwambia atachagua tusichotaka”. Ukishalisikia hilo likisemwa kwa upole, kwa ajili ya mema ya mtu ambaye hayupo chumbani, ujue hapo kuna mtu ananyang'anywa uamuzi wake.

Kwetu uamuzi huo si mdogo. Viza zetu sasa ziko mtandaoni. Kadi zile za plastiki tuliambiwa muda wake unaishia tarehe 31 Desemba 2024. Universal Credit ni mtandaoni, benki ni mtandaoni. Mtu akikuibia nywila hapa, anaiba mshahara na anaiba uthibitisho wa haki yako ya kuishi kwenye nyumba unayolala. Kijana wa miaka kumi na tisa anayecheza na Rufus kwenye kompyuta yake mwenyewe anaijua hatari, na akiharibu ataanza upya jioni hiyohiyo. Mama anayefanya usafi usiku na kuifungua kompyuta Jumamosi tu hana jioni hiyo. Hatari ni ileile. Wanaoibeba si sawa.

Na hatari haikai nyumbani kwa mtu mmoja. Tarehe 12 Mei 2017, siku ya Ijumaa, kirusi cha WannaCry kiliingia kwenye kompyuta za NHS, kikitembea chenyewe kutoka mashine hadi mashine bila mtu kubofya chochote. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilikuta kwamba katika Uingereza hospitali na taasisi nyingine za NHS, zisizopungua 80 kati ya 236, ziliathirika kwa namna moja au nyingine, na kwamba miadi ya wagonjwa iliyofutwa ilikadiriwa kufika 19,000. Watu wengi hukumbuka kwamba kosa lilikuwa la Windows XP, mfumo uliokwisha kuachwa tangu Aprili 2014. Siyo hivyo. Nyingi ya mashine zilizopigwa zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati ule ilikuwa bado inahudumiwa. Marekebisho ya kuziba tundu lile yalitolewa mwezi Machi. Hayakuwekwa.

Tulimsomea kaka yetu wa kompyuta habari hiyo, akakubali nusu. Mashine yenye haki zote lakini isiyo na mtu wa kuiangalia ilianguka. Ikiwa ni hivyo, ile iliyowekwa mfumo kwa mlango wa nyuma, lakini ina mtu anayeitembelea, huenda ikawa salama kuliko jirani yake mwenye vyeti vyote. Nusu aliyoikataa ni neno “huenda”, na hapo ana haki.

Kwenye Kumbukumbu la Torati anayejenga nyumba mpya anaagizwa aweke ukingo kuzunguka dari, ili mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya mwenye nyumba. Haikatazwi kupanda darini.

Basi tumeanza kuzirudia kompyuta zote tisa, nyumba kwa nyumba. Kila familia inaelezwa kwa lugha yake kilichomo ndani na kisichoahidiwa, kisha inachagua. Familia tatu hadi sasa zimechagua Linux Mint, ambayo ni bure, inapata masasisho yake kihalali na haina ugomvi na kompyuta za umri huo, ingawa watoto wananung'unika kwamba haifanani na ya shuleni. (Wazazi wanaodhani Linux ni jambo la Wazungu wakumbuke kwamba mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili.)

Ambalo hatujalimaliza ni kontena. Mwezi ujao kuna mzigo wa kwenda Mombasa, na ndani yake wengi wameomba tuweke kompyuta. Mnajua zinakofikia: nyingine kwa ndugu, nyingine baada ya ndugu zinauzwa Luthuli Avenue zikiwa na sifa ya “ex-UK”, kana kwamba kuachwa Uingereza ni cheti. Sheria ya hapa inataka kifaa cha umeme kilichotumika kijaribiwe na kithibitike kinafanya kazi kabla ya kusafirishwa, ndipo kisihesabiwe taka. Zetu zinafanya kazi. Lakini tukiziweka Windows 11 kwa mlango wa nyuma, toleo la mwakani likitoka nani atakwenda na flashi hadi Kilifi? Mzee anasema mafundi wa kule ni hodari kuliko wa hapa, na kweli ni hodari. Sisi tunasema fundi hodari hawezi kumweleza mnunuzi jambo ambalo yeye mwenyewe hakuambiwa. Kompyuta sita tumezizuia kwa sasa, na Mzee amekasirika. Mkimkuta mlangoni Jumapili msalimieni vizuri, anaumia kweli.

Kwa yule mama tulikwenda Jumamosi iliyopita. Tulieleza yote, tukaomba radhi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, “Kwa hiyo siku ile ya makofi mlikuwa mnajua?” Tukasema ndiyo, mama, tulijua. Alinyamaza kidogo, akaenda kuinjika chai.

Aliporudi alikuwa amekwisha kuamua. Windows 11 ibaki, kwa ajili ya mtoto na shule. Viza na benki atazifanya kwenye simu yake, ambayo ni mpya. Na hilo toleo la mwaka, linatoka lini? Kijana wetu akajibu kwamba kwa kawaida ni nusu ya pili ya mwaka. Mama akatoa daftari lake la hesabu za nyumba, akafungua ukurasa wa Novemba, akamsogezea kijana kalamu. Tulitaka kumwandikia sisi. Alikataa. “Aandike yeye,” alisema, “jina lake na tarehe atakayokuja.”