Simu Inayongoja Waifai

Wajukuu zangu wa Kasongo na wa Kabambare, kabla ya simu hizi mimi nilikuwa mtu wa fonii, ile redio ya kuitana. Nilikaa na betri ya gari, waya mrefu umefungwa juu ya mwembe, naita Kindu, naita Bukavu, na kila mwenye mashine kwenye mawimbi yale alinisikia. Mfanyabiashara aliyetaka kumpa ndugu yake bei ya dhahabu hakutaja bei. Alisema "mtoto amepona" au "mtoto bado ana homa", na huko walishapatana maana yake. Sisi tulijua tunasikiwa. Ninyi mnashika kioo peke yenu ndani ya chandarua, mnadhani mko wawili tu, wewe na unayemwandikia.

Nataka kusema juu ya kivinjari, ile programu mnayoiita "Google" hata ikiwa ni Opera. Kila ukurasa unaoufungua ni mgeni aliyekuja na mizigo: maandishi, picha, amri za kutekelezwa. Kivinjari ndicho kinachompokea na kupekua mizigo yake. Kikikosea kupekua, mgeni anafika hadi chumbani.

Mwaka 2023 kosa lilikuwa kwenye picha. Tarehe 6 Septemba, watu wa usalama wa Apple pamoja na Citizen Lab, wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Toronto, walipeleka habari kwa Google kwamba programu inayofungua picha za WebP ina ufa. Picha hizo hubanwa ili zisile mega, na ndani yake mna majedwali ya kuzifumbua. Programu ilitenga nafasi ya majedwali kwa hesabu inayofaa picha halali. Mtu akitengeneza picha ya hila, jedwali linazidi nafasi, kama umimine mawese ya bidoni ya lita 20 ndani ya sufuria ya chai. Yanamwagikia vilivyo kando. Na kando yake ni kumbukumbu nyingine za simu. Mwizi hodari anajua kumwaga vitu vyake hapo mpaka vigeuke amri. Wewe hukubonyeza kitu, umetazama picha tu. Programu hiyo moja ilikuwamo ndani ya Chrome, Firefox, Edge na Opera, basi kuhama kivinjari hakukufaa. Google walitoa kiraka tarehe 11, Firefox tarehe 12, na Google wakakiri kwamba kuna waliokwisha kuutumia ufa ule.

Hapa ndipo wengi wenu mnapotea. Kiraka kikitangazwa, wezi nao wanasoma tangazo. Wanalinganisha programu ya zamani na mpya, wanaona palipozibwa, wanajua tundu lilikuwa wapi. Jana siri ilikuwa ya wachache, leo ni ya kila mtu, na nyumba iliyobaki wazi ni yako wewe usiyefanya mise à jour.

Siwalaumu kwa yote. Play Store kwa kawaida yake hungoja waifai ndipo isasishe programu. Kwa wenye waifai nyumbani, haya. Kwetu simu inaishi kwa mega za kununua, basi inangoja. Inangoja mpunga upandwe mpaka uvunwe. Nilishika simu ya kijana mmoja wa machimbo ya Salamabila, Chrome yake ilikuwa na umri wa kwenda kutahiriwa. Mega za kutazama mpira, lakini, alikuwa nazo! Ingieni Play Store wenyewe, mtafute Chrome, kisha Android System WebView, maana hiyo ndiyo hufungua kurasa ndani ya programu nyingine nyingi. Sasisheni hizo mbili kabla ya video yoyote. Wala msimwombe rafiki awarushie Chrome kwa Xender ili kuokoa mega. Hamjui faili lile limepita mikononi mwa nani.

Kuna na ile fonii yangu. Mwaka huohuo wa 2023, Ahmed Eltantawy, aliyekuwa mbunge Misri na aliyetangaza kugombea urais, alikuwa akifungua tovuti ambazo anwani yake huanza na http bila s, mtandao ukamgeuzia njia kimyakimya hadi kwenye ukurasa wa kumtia programu ya ujasusi iitwayo Predator. Anwani bila s ni fonii: aliye njiani anasikia, na anaweza kujibu kwa sauti ya mwenzako. Mwaka uliofuata wachunguzi wa Recorded Future waliandika kwamba Predator yaelekea ina mteja katika Kongo yetu. Silaha ile ni ghali, haitafutwi kwa ajili ya muuza mchele. Lakini tundu ni lilelile, na wezi wadogo huokota walichoacha wakubwa. Kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya usalama, washeni ile ya kutumia miunganisho salama daima.

Wenye Android 8 na 9, tangu 2025 Chrome mpya haiji kwenu tena. Simu hizo wekeni za kupigia na redio. Pesa tumeni kwa kupiga zile namba za nyota, hazipiti kwenye kivinjari.

Ijumaa baada ya swala nitakuwa barazani, nimenunua mega. Leteni simu zikiwa na chaji, na miwani yangu msiikalie.